Siku Nilipowabusisha Waumini Sarafu ya Kaisari

Jamani, hili nalisema leo kwa kinywa changu kabla mke wangu hajalisema kwa kinywa chake (maana yeye kila akisimulia huongeza watu, sasa hivi ameshafika waumini elfu mbili na askofu juu), kwamba mimi Deogratias, fundi saa mnayemfahamu, mtu mzima mwenye akili zake, niliwahi kusimama mbele ya kipaza sauti siku ya sikukuu, mchana kweupe, nikawatangazia waumini wenzangu kwamba nimeshika mkononi sura ya Bwana Yesu mwenyewe, wakapanga mstari, wakaibusu mmoja mmoja, na waliyembusu hakuwa Yesu. Aibu ile ninayo mpaka kesho. Lakini msinionee huruma, kwa sababu siku hiyohiyo, jua likiwa bado juu, nilipata ushindi ambao sijapata mwingine wa kuufikia, na ndiyo sababu nakubali kuwasimulia.

Ulikuwa mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, ule wa kwanza. Soko huria limeshaingia na miguu yote miwili, na mimi nina meza yangu ya kioo pale Makoroboi, mjini Mwanza, natengeneza saa za watu. Nasema natengeneza, lakini kusema kweli nilikuwa nakaa tu, maana saa za plastiki zilikuwa zinashuka kutoka Dubai kwa magunia, zinauzwa pamoja na vitana na nyembe, ikifa unatupa unanunua nyingine, sasa fundi wa nini? Wateja niliobaki nao walikuwa wazee wenye saa za kukaza kwa kidole, na wazee wale walikuwa hawana haraka ya kuja kuzichukua, sembuse kuzilipia.

Kabla ya meza ile nilikuwa seminari ndogo miaka minne. Nilifukuzwa kidato cha nne kwa kosa la kuifungua saa ya ukutani ya Baba Gombera, mkuu wa seminari, ili nione inavyotembea, nikairudishia vizuri kabisa, isipokuwa vipande viwili vilibaki mezani, na kesho yake seminari nzima ilisali Masifu ya Asubuhi saa tano. Nikatoka kule na vitu viwili tu, Kilatini na jina la Padre Nusu. Kilatini hakikunisaidia kitu mjini, ila jina lilinifuata kila nilipokwenda, mpaka watoto wa shule wakinipita mezani wanaamkia, "Tumsifu Yesu Kristo, Padre Nusu!" halafu wanakimbia.

Jina lisingeniuma hivyo kama nisingempenda Restituta. Huyu alikuwa binti wa Mwalimu Zakaria, katekista wa kigango chetu upande wa Buswelu, mzee aliyetufundisha katekisimu sisi sote kwa fimbo ya mpera, na ambaye mpaka leo nikisahau sala moja viganja vinaniwasha. Nikatuma mshenga. Mwalimu Zakaria hakutaja ng'ombe, hakuuliza ukoo, alimkaribisha mshenga maziwa, akamwacha anywe, halafu akasema, "Huyo kijana alianza upadre, hakumaliza. Baba yake alimpa shamba la pamba, akapalilia nusu akakimbilia mjini. Mwambie anioneshe kitu kimoja tu alichowahi kukimaliza. Jibu nitampa siku ya Kupalizwa Bikira Maria." Hiyo ndiyo sikukuu ya somo wa kigango chetu, katikati ya Agosti, na zilikuwa zimebaki wiki mbili. Mshenga aliponiletea maneno yale nilikaa na lenzi jichoni nusu saa nzima sioni kitu, kwa sababu nilifikiri na kufikiri na kweli sikukumbuka kitu chochote nilichowahi kukimaliza.

Katika wiki hiyohiyo paroko wetu, Padre Evarist, kijana wa Ukerewe mwenye haraka zake, akaniita niangalie saa ya sakristia. Nikamkuta anasafisha stoo. Katikati ya mishumaa mikuukuu kulikuwa na mkebe wa biskuti, na ndani yake visarafu vidogo, vingine kama kifungo cha shati, vyeusi na kijani, ishirini na tatu. Vilikuwa vya marehemu Padre Yan, yule mmisionari mzee mwenye ndevu aliyetubatiza wengi wetu, akaenda kufia kwao Ulaya. Wazee wa kigango walikuwa wameshavitazama wakasema ni heller za Mjerumani, hazina thamani tena. Padre Evarist akaniambia, "Deo, wewe uko Makoroboi, wapelekee mafundi wakayeyushe, angalau tupate koroboi mbili." Nikaokota kimoja kilichokuwa juu kabisa, nikakisogeza dirishani, nikaona herufi. Si za Kijerumani. Nikamwomba anipe kile kimoja kwanza, mkebe ausubirishe.

Nikaenda nacho mezani kwangu. Kilikuwa kimedondokewa na nta ya mishumaa, chini ya nta kuna kutu, na juu ya yote kuna vumbi la miaka. Nikabana lenzi jichoni, nikachukua sindano na mafuta kidogo ya saa, nikaanza kuchokoa upande wa kichwa, taratibu, siku ya kwanza, siku ya pili (wateja hawakunisumbua, si mnajua). Siku ya tatu uso ukatokea. Mtu anatazama pembeni, pua imenyooka, na kuzunguka kichwa chake vidoti, vidoti, vidoti. Kushoto kwake herufi mbili, D na N. Kulia kwake P na F, halafu AVG. Katikati kutu imekamata.

Sasa nisikilizeni nilivyosoma, mcheke mmalize kabisa. D N. Mtu aliyekaa seminari miaka minne haulizwi mara mbili, ni Dominus Noster, yaani Bwana Wetu! P F, nikasema Pater, Filius, Baba na Mwana! AVG, basi hiyo ni Agosti, mwezi wenyewe wa sikukuu yetu! Na vile vidoti kichwani ni nini kama si taji la miiba? Nilisimama pale Makoroboi nikapiga ishara ya msalaba, mpaka muuza vitana wa meza ya jirani akaniuliza kama nimepata msiba.

Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, ulioniponza. Upande wa nyuma ulikuwa bado haujaguswa, nta na kutu tupu, kazi ya siku nyingine tatu. Nikaugeuza, nikautazama, nikasema, ah, wa nini? Uso wa Bwana ninao. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikaweka mfukoni. Nusu.

Siku ya sikukuu uwanja wa kanisa ulijaa. Misa imekwisha, ng'ombe wawili wako jikoni, kwaya imevaa sare mpya za mitumba zilizotafutwa mpaka zikafanana rangi, kipaza sauti kimeunganishwa na betri ya lori. Nilimwambia Padre Evarist kwamba nina neno dogo kuhusu ile sarafu, kwamba ni ya Kikristo na ya kale sana, naye alikuwa anaamua ugomvi wa akina mama kuhusu mchele, akanijibu bila kunitazama, "Sema, sema, ila uwe mfupi." Na mimi nilikuwa nimeshamwona Mwalimu Zakaria amekaa kiti cha mbele na fimbo yake, na pembeni yake mama yake mzazi, Bibi Kabula, na nyuma yao Restituta na kitambaa cha bluu kichwani.

Nikashika kipaza sauti. "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!"

Nikawaeleza. Nikasoma herufi moja moja kama ninavyosoma Injili, Bwana Wetu, Baba, na Mwana. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya nne akauliza kwa nguvu, "Na Roho Mtakatifu?"

"Amefutika kwa kutu," nikajibu, bila hata kupepesa.

Mwingine akauliza mbona hana ndevu. Nikasema alichorwa akiwa bado kijana. (Ulimi ukishashika mteremko hauna breki.) Halafu nikanyanyua kile kisarafu juu na kusema, "Ndugu zangu, sura hii ni ya Bwana Wetu Yesu Kristo!" na vigelegele vilivyopigwa pale naamini walivisikia mpaka Kisesa. Kabla sijashuka mstari ulishapangwa. Walikuja wazee, walikuja akina mama na watoto mgongoni, wakambusu, wakampangusa kwa kanga, wakambusu tena. Mama mmoja akakigusisha kwenye jino lake bovu. Mwingine alitaka kukizamisha kwenye ndoo ya maji ili wote tunywe, na nadhani tungekunywa, kama Bibi Kabula asingeingilia.

Bibi Kabula alikifikia, akakileta karibu na macho, akakunja uso. Bibi yule Kiswahili alikipata ukubwani na herufi ya R haikuwahi kukaa kinywani mwake. "Ee mayu! Bwana wetu mmemwacha na kutu hivi? Hata sufulia hatupikii ikiwa hivi." Akakichukua, akaenda nacho jikoni, akachovya limau kwenye majivu, akaanza kusugua kama anavyosugua masufuria yake, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mimi nilikuwa napokea pongezi, sikumwona. Leo najua kwamba mtu anayejua sarafu za kale akiona limau na majivu anazimia, lakini siku ile hapakuwa na wa kuzimia.

Akarudi nacho kinang'aa. Akampa mwanawe. Mwalimu Zakaria akakitazama mbele, akatikisa kichwa kwa heshima, halafu akakigeuza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Deo," akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi, "njoo hapa. Nyuma yake kuna mtu anatembea, ameshika bendera mkono mmoja. Mkono wa pili anamburuta mtu kwa nywele. Kama huyu ni Bwana Wetu, huyo anayeburutwa kwa nywele ni nani?"

Nikasogea mpaka mbele ya kiti chake. Ndipo yuleyule mwanakwaya wa sauti ya nne, Mungu amsamehe, akapaza sauti, "Ni Shetani! Anamburuta Shetani!"

Ilikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Vigelegele, makofi, ngoma ikapigwa, wanaume wazima wanaruka, Shetani anaburutwa kwa nywele! Na Mwalimu Zakaria, mzee ambaye sikuwahi kuyaona meno yake tangu komunyo ya kwanza, alitabasamu. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Basi mwanangu, leo umemaliza kitu."

Jamani, nilikuwa nimeshapata mke pale. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Restituta akasogea, macho yanamng'aa, akanipa kile kisarafu. "Isome tena, Deo, sasa inaonekana vizuri." Nikabana lenzi jichoni. Limau la Bibi lilikuwa limefungua ile kutu ya katikati. V. A. L. E. N. Na upande wa pili wa kichwa, S.

Valens. Nilimjua. Nilimsoma kwenye historia ya Kanisa, tena nilimjibia kwenye mtihani. Huyu alikuwa Kaisari wa Roma, na si Kaisari tu, alikuwa mfuasi wa Ario, yule mzushi aliyefundisha kwamba Mwana si sawa na Baba, akawasumbua maaskofu, akawafukuza. Na hapo kila kitu kikanirudia kwa mpigo mmoja, kama mtu anayekumbuka kuwa ameacha maharage motoni. Bwana Wetu ndivyo makaisari walivyojiita wenyewe! P F ni Pius Felix, mcha Mungu na mwenye heri, sifa walizojipa. AVG ni Augusto, cheo chao. Na lile taji la miiba ni kilemba cha lulu. Nilikuwa nimewabusisha waumini wote wa kigango, kwenye sikukuu ya Mama Maria, mtu aliyemshusha Mwanawe.

"Vipi?" Restituta akanong'ona. "Mbona umekuwa hivyo?"

Nikamtazama yeye, nikamtazama baba yake anayetabasamu. Nikasema moyoni, Deo, hakuna mwingine hapa atakayesoma, Padre mwenyewe yuko kwenye mchele. Lakini nikajua pia kwamba nikinyamaza nitakuwa nimeoa kwa nusu ya kisarafu, na nitaishi na ile nusu ya pili mfukoni maisha yangu yote. Nikakichukua kipaza sauti. Spika ikapiga mluzi.

"Ndugu zangu, naomba mnisamehe. Siyo Yesu."

Nikawaambia yote, jina lake, cheo chake, uzushi wake, na kwamba yule wa kuburutwa kwa nywele si Shetani, ni mateka wake wa vita. Halafu mama wa jino bovu akauliza polepole, "Kwa hiyo nimembusu nani?" na Padre Evarist, ambaye sasa alikuwa amesahau mchele na anakuja mbiombio, akajibu kwa mdomo wake mwenyewe, "Mzushi." Sijawahi kuona watu wanakimbilia bomba vile. Mstari uliokuwa kwangu ukahamia kwenye bomba, wanasukutua, wanatema, wanasugua ulimi kwa kanga, na mzee mmoja alisema maji hayatoshi, akaenda kusukutua kwa pombe ya kangara nyuma ya uzio na hakurudi haraka. Wengine walikuwa wamekaa chini wanacheka mpaka machozi. Watoto wakaanzisha wimbo palepale, "Padre Nusu, Yesu Nusu!" Laiti ardhi ingepasuka nikaingia.

Mwalimu Zakaria tabasamu lilikuwa limeshazimika. "Nusu," akasema. "Hata Bwana Yesu umetuletea nusu. Ungekigeuza tu, Deo. Kugeuza tu!" Akashika fimbo yake aondoke.

"Zakalia, kaa," akasema Bibi Kabula. Mzee akakaa (mama ni mama). "Hii salafu ilikuwa peke yake?"

"Hapana, Bibi," nikasema. "Ziko nyingine ishirini na mbili kwenye mkebe."

"Basi kazi haijaisha. Mtu umemwambia amalize, halafu unaondoka katikati? Leteni huo mkebe. Mwache ng'wanawane, mwanangu huyu, amalize."

Mkebe ukaletwa. Padre akaumwaga juu ya meza ya mgeni wa heshima, visarafu vikatawanyika, na mwisho kabisa ikadondoka karatasi iliyokunjwa, iliyokuwa imekaa chini ya mkebe miaka yote. Padre akaifungua. Mwandiko wa Padre Yan, mdogo kama wa mchwa, kwa Kilatini, namba moja mpaka ishirini na tatu, maelezo ya kila sarafu. Nikanyoosha mkono niione, fimbo ya Mwalimu Zakaria ikapita katikati.

"Padre, usimwoneshe. Wewe shika. Atasoma moja moja, akipata utatia vema, akikosa mkasi." Halafu akanigeukia. "Zote. Mbele na nyuma."

Nikaketi. Wote waliomaliza kusukutua wakarudi, wakanizunguka, wengine wamepanda juu ya madawati. Nikabana lenzi jichoni, nikachukua sindano yangu. Bahati yangu nyingine zote Padre Yan alikuwa amezisafisha, ni ile ya juu peke yake iliyopokea nta. Nikashika ya kwanza. "Huyu ana kofia ya chuma. Imeandikwa Mji wa Roma."

"Geuza," akasema Mwalimu Zakaria.

Nikageuza. "Mbwa mwitu jike, ananyonyesha watoto wawili."

"Watoto wa watu?" Bibi Kabula akashika mdomo. "Mama yao ameenda wapi?"

Padre akatia vema. Ya pili, askari wawili na bendera katikati, utukufu wa jeshi, enzi ya Konstantino na wanawe. Vema. Ya tatu nikasoma VOT ishirini, MVLT thelathini, na kijana mmoja aliyevaa kofia ya chama (sisemi chama gani) akadakia, "Hiyo ni kura ishirini, vyama vingi thelathini!" Watu wakaangua kicheko, na hata mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu nipate msiba wangu. Nikamwambia hapana ndugu yangu, ni nadhiri za miaka ishirini ya utawala, na Kaisari anaombewa afike thelathini. "Basi hao hawana tofauti na wa hapa," akajibu.

Ikawa hivyo. Nasoma mbele, mzee anasema geuza, nageuza, nasoma nyuma, kalamu ya Padre inakwaruza karatasi. Sijui ulikuwa muda gani. Pilau ikaiva, ikapakuliwa, watu wakaja na sahani zao wakala wakiwa wamesimama, na Restituta akaniwekea yangu pembeni, ikapoa, sikuigusa. Mahali fulani katikati niliona kwamba herufi zinanijia kabla sijazitafuta. Nilikuwa nafanya kazi ambayo hakuna mtu mwingine kutoka Mwanza mpaka Musoma angeweza kuifanya, fundi saa aliyefukuzwa seminari, na vitu vyangu vyote viwili vya aibu, lenzi na Kilatini, vilikuwa vinavuta jembe moja. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba kuna mke.

Ya kumi na tisa ilikuwa imelika sana. Niliielekeza kwenye jua, nikaizungusha, nikaona I, V, L, halafu kivuli cha A. "Yuliano," nikasema. Padre hakuandika kitu. Nikapoa. (Yuliano naye ni yule aliyeasi dini, kwa hiyo safari hii sikumpa mtu abusu.)

Ya mwisho. Mbele Kaisari Konstansio, geuza, nyuma askari anamchoma mkuki mtu aliyeanguka na farasi wake, na maneno yanayosema nyakati njema zimerudi.

"Kama soko huria," mwanakwaya wa sauti ya nne akasema. "Mwulizeni huyo wa chini ya farasi kama ni njema."

Lakini mimi nilikuwa natazama chini kabisa, chini ya miguu ya askari, herufi tatu ndogo kuliko chawa. A L E. Hapo ndipo huandikwa mji ilikotengenezwa. "Aleksandria," nikasema.

"Ndiyo wapi huko?" akauliza Bibi Kabula.

"Misri, Bibi. Mto Naili unapoishia, unapomwagika baharini."

Hakuna mtu uwanjani pale, hata wa darasa la tatu, asiyejua Naili inaanzia wapi. Bibi Kabula akageuka polepole akatazama upande wa ziwa, tukageuka wote. "Yaani maji yetu haya," akasema, "yanafika huko walikotengeneza hii?"

"Ndiyo, Bibi. Na hii imepanda mpaka yanakotokea."

Padre Evarist akasimama. Alikohoa, akasoma kwa sauti ya matangazo ya ndoa. "Ishirini na tatu, pamoja na ile ya Valens. Vema, ishirini na moja. Mkasi, mmoja, amemchanganya Konsta na ndugu yake Konstansio." Akaishusha karatasi, akanitazama. "Ile ya kumi na tisa sikuipa vema wala mkasi. Padre Yan ameweka alama ya kuuliza. Ameandika hapa kwamba hakuweza kuisoma. Deo ameisoma."

Nani alianza kupiga kigelegele sijui, ninachojua ni kwamba nilinyanyuliwa na kiti changu, lenzi bado jichoni, nikaona kigango kizima kikubwa kuliko kawaida na kinaruka juu chini. Wale waliosukutua kwa sababu yangu ndio walionibeba. Mama wa jino bovu alikuwa mbele yao, na baadaye alinidai nimpe tena ile ya Valens kwa sababu, aliapa, jino lilikuwa limetulia.

Waliponishusha nilikuwa mbele ya kiti cha Mwalimu Zakaria. Nikainama. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, kama anatafuta kipande kilichobaki mezani.

"Umemaliza," akasema. "Mwambie mshenga wako aje kesho asubuhi."

"Asante, Baba."

"Na ile pilau yako," akaongeza akiinyooshea fimbo, "nayo imalize."

Nikaila mbele yake, ya baridi, mpaka punje ya mwisho, na Restituta amesimama nyuma ya baba yake anacheka kwa kujiziba na kile kitambaa cha bluu.

Mkebe haukuenda Makoroboi. Jina la Padre Nusu lilikufa siku ile, na badala yake nikapata jingine, Valensi, ambalo ninalo mpaka leo, tena limeandikwa kwenye kibao cha duka langu, na wateja wanadhani ni jina la ukoo. Na niliapa sitatangaza tena kitu chochote duniani nilichokiona upande mmoja. Kiapo hicho sikukishika peke yangu, nashikiliwa. Nikirudi nyumbani nimefura, nimeshajua nani mwizi, nani mwongo, nani aliyenisema vibaya kwa jirani, Restituta huniacha nimalize kusoma uso wote wa sarafu yangu, halafu hahangaiki hata kunitazama, anaendelea kuchagua mchele, ananyoosha kiganja kimoja hewani na kukipindua.

"Geuza, Valensi," ananiambia.

Nami nakaa chini, nageuza.